Baiskeli ya Marehemu na Posa ya Mdogo Wangu

Admin, ulisema unaficha majina, basi langu lifiche kweli, maana Kigali ni mji mdogo na watu wana macho.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, naishi Busanza na mke wangu na watoto. Nilikulia Tanzania, tukarudi huku nikiwa kijana. Baba alishafariki, kwa hiyo kwetu mimi ndiye kaka mkubwa na mimi ndiye baba. Nawaandikia nikiwa na kinyaa kiasi kwamba hata chakula hakishuki vizuri.

Chanzo ni baiskeli. Chekeni, nitawasubiri. Ninayo moja ya matairi manene, ya kwendea kazini na kubebea viazi. Ila nilikuwa natamani ya pili, ile nyembamba ya mashindano, ya kupanda Jumapili asubuhi tu. Sikutaka makuu. Nilitaka kuukuu, ya mtu anayeanza, fremu nzima, gia zinaingia, basi. Nikamtajia mchumba wa mdogo wangu wa kike, kijana ambaye hapa nitamwita Shema.

"Muramu, unahangaika nini?" akaniambia. Muramu ndiyo shemeji kwetu. "Ninayo ya marehemu kaka yangu."

Nikamuuliza, mjane je? Akashusha sauti, akavaa uso wa kanisani: "Alirudi kwao Goma baada ya msiba. Ukiichukua wewe, inabaki kwenye familia." Jamani, niliguswa! Nikamlipa, nikamshukuru, na usiku nikamwombea.

Ilikuwa imezeeka lakini tamu. Rangi imebanduka, breki zinalia, ila ukiikanyaga inakwenda. Kwenye usukani, badala ya utepe wa dukani, ilizungushiwa kitambaa cha kitenge kilichoshonwa kwa mkono. Fundi wangu wa Nyakabanda alitaka kukitoa aweke kipya, nikakataa kwa sababu nilikipenda.

Jumapili iliyopita nikaenda nayo mpaka Kabuga. Mnyororo ukachomoka mbele ya kibaraza cha mshonaji. Nimeinama pale, mikono grisi tupu, nikasikia cherehani imenyamaza. Akaja mwanamke na mtoto mgongoni, akashika usukani, akawa anapapasa kile kitenge.

"Hii iko ya bwana yangu," akasema. "Ni mimi nilishona hii. Umeitoa wapi?"

Nikamtaja Shema. Yule mama hakulia. Alikaa kwenye ngazi, akanieleza. Siku ya kumaliza matanga, ile tunayoiita gukura ikiriyo, ukoo husema mbele ya watu marehemu ameacha nini na nani atakitunza. Siku hiyo Shema alisimama mwenyewe. Akatangaza kwamba baiskeli ni ya mtoto, na yeye ataitunza isishike kutu mpaka mtoto akue. Alilia, kina mama wakamfuta machozi, watu wakapiga makofi. Tangu hapo mjane akimpigia simu anaambiwa iko kwa fundi. Na Goma? Hajakanyaga tangu aolewe.

Ptuu! Mtu analia matanga ya kaka yake huku anapiga hesabu ya kuuza! Niliiona mikono yangu kwenye usukani ule nikatamani kuinawa na sabuni.

Nikaiegemeza kwenye kibaraza chake, nikamwambia, "Mama, mali ya mtoto hii." Nikarudi Busanza kwa basi na helmeti yangu na kaptula ya kubana, abiria wananitazama chini juu. Wala sikujali.

Jioni nikamkuta Shema baa, mbele yake sahani ya brosheti, yaani mishikaki. Nikamwambia yote. Hakuacha hata kutafuna.

"Muramu, baiskeli ni chuma. Marehemu hapandi, mtoto hata kutembea hajui. Kama ni hela zako zinakuuma, nitakurudishia." Kisha akalamba mafuta kwenye vidole, kimoja kimoja. Nikafikiria kwamba vidole hivyo ndivyo vitamvisha mdogo wangu pete. Nikatoka nje kutema mate.

Nikaenda moja kwa moja kwa mdogo wangu, nikidhani namwokoa. Alinisikiliza akitazama sakafu.

"Kaka, nilijua," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia akuuzie wewe. Nilijua utaitunza."

"Na habari za Goma?"

"Tungekwambia nini? Si tunakujua ulivyo!" Hapo ndipo akaanza kulia. "Nina miaka thelathini na sita, kaka. Baiskeli umesharudisha, yule mama kapata haki yake. Sasa unataka nini tena? Unataka nizeekee kwa mama?"

Huyu mtoto nilimpeleka shule mimi. Nilimfunga kamba za viatu. Nikaondoka bila kuaga. Shema ananitia kinyaa na hiyo naiweza. Lakini kumwangalia mdogo wangu na kuhisi kinyaa kile kile, hilo ndilo linaloniua.

Posa ni Jumamosi hii. Kwenye gusaba, ndiyo posa kwetu, upande wa binti lazima mtu mzima asimame, athibitishe tabia ya kijana, ndipo amtoe bibi harusi. Baba hayupo, mtu huyo ni mimi. Shangazi ameshanipa maneno: "Tumemchunguza kijana wenu, tumemkuta mwaminifu, tunampa binti yetu." Nikijaribu kuyasema peke yangu bafuni, ulimi unagoma kwenye neno mwaminifu. Nikikataa, ndoa inavunjika mbele ya koo mbili, mama yangu anaanguka, na mdogo wangu hatanitazama tena maisha yake yote.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe: "Kaka, utavaa tai ya rangi gani?" Sijajibu. Ninyi mliowahi kuozesha, na ninyi mlioolewa, nisaidieni. Jumamosi wakinipa kipaza sauti, niseme nini?