Siku Niliyoifunga Kompyuta ya Watu Kule Airport

Jamani, aibu nyingine mtu huzikwa nazo, lakini hii yangu nimeona niitoe kwa mdomo wangu mwenyewe, maana shangazi yangu Mwanahamisi ameihadithia kwenye kila harusi na kila hitima kuanzia Likoni hadi Changamwe, na kila akiihadithia anaitia chumvi (juzi nimesikia eti nilitiwa pingu, pingu ziko wapi?), kwa hiyo afadhali mnisikie mimi niliyekuwa nimekalia kile kiti.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni mwishoni, kompyuta bado ni kitu cha kufunikwa kitambaa cha kufumwa kama televisheni ya bibi harusi. Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu, na wallahi mkono wangu ulikuwa mwepesi, nikipiga taipu bila kutazama vidole, huku naongea na mtu na macho yapo dirishani. Ndipo nikajiunga na kozi moja pale Changamwe, chuo kidogo ghorofani juu ya duka la vitambaa, kozi ya kuvunja kompyuta. Siku hizi vijana wana jina refu la heshima, udukuzi wa kimaadili, sisi tulisema kuvunja tu, na mamangu akiulizwa na majirani binti yako asomea nini, alijibu "taipu ya juu," kwa sababu angesema kuvunja wangedhani nimeingia genge. Maana ya kozi ni hii: unajifunza njia za mwizi ili umwonyeshe mwenye kompyuta mlango wake usiofunga, kabla mwizi hajauona.

Basi nimemaliza masomo yote, nimebakiza mtihani, mwalimu wetu akatutangazia kwamba kozi imebadilishwa. Mwalimu Katana huyo, mtu wa Kaloleni, mpole, hata akikukaripia utadhani anakupa pole. Akasema waliosoma ile ya zamani hawarudii yote, waje tu Jumamosi moja asubuhi awaeleze yaliyobadilika, kisha wafanye mtihani wa namna mpya.

Sasa Jumamosi hiyo ndiyo binti wa shangazi alikuwa anatiwa hina. Nikajipima. Upande huu mwalimu na chaki, upande huu biriani, udi na taarabu. (Nyinyi mngeenda wapi?) Nikajiambia kompyuta ni ile ile, hawawezi kuibadilisha ikawa mbuzi, nikaenda kwenye hina.

Jumatatu yake nikamuuliza Ochieng, mwenzangu darasani, ni yapi yaliyobadilika. Akafikiri kidogo, akasema, "Si mengi. Mtihani hauandikwi tena kwa karatasi, unafanyiwa kwa ofisi ya watu, kompyuta ya ukweli. Halafu wameongeza mambo ya nyaya za kuunganisha kompyuta kwa kompyuta. Na kuna ingine hapo ya ruhusa ruhusa hivi."

Hiyo ya ruhusa ruhusa hivi ndiyo iliyonimaliza, na mimi nikaipita kama mtu apitaye jiwe njiani.

Ofisi tuliyopangiwa ilikuwa ya Bwana Twalib, kule Airport, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yake ni kuwatolea watu mizigo inayoletwa na ndege, anawaandikia makaratasi ya forodha, wanakwenda kuchukua vitu vyao. Yeye amekubali tuje tujaribu kompyuta yake kama inavunjika, na ilisemekana atakayemfurahisha huenda akaajiriwa. Kusikia kazi, nikapagawa. Badala ya kwenda kimya kama wenzangu, nikamwalika mamangu, naye akamwalika shangazi, wakavaa buibui mpya, wakajitia manukato, tukavuka kivuko asubuhi na mapema kama tunakwenda kuposa.

Tukafika kabla ya mwalimu, kabla ya Ochieng, kabla ya kila mtu. Sebule ya ofisi ina mabenchi, wateja wamekaa wanangoja makaratasi yao, na mbele yao meza yenye kompyuta, imezimwa, kiti kitupu. Nikamuuliza askari wa mlangoni, akasema mwenyewe yuko chumba cha nyuma, ngojeni. Tukangoja. Mama akaitazama ile kompyuta, akanitazama mimi.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo," nikamjibu. (Nimejuaje? Sijui. Nimeiona tu nikaipenda.)

Shangazi hakuumbwa na subira. "Sasa wangoja nini, nawe wasema waijua? Hebu tuonyeshe, au tumevuka maji kuja kutazama kiti?"

Wale wateja wakageuka. Mzee mmoja akasema kumbe binti huyu ndiye fundi wa kompyuta, na mwanamke mmoja mnene mwenye leso mbili, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni Mama Kadzo, akasogeza benchi apate kuona vizuri. Mimi nilivyo, nikiona watu wamesogeza mabenchi kwa ajili yangu, akili huniruka. Nikakaa, nikabonyeza, kompyuta ikawaka, ikaniuliza neno la siri.

Kozi ya zamani ilitufundisha: usihangaike na mashine, mtazame mwenye mashine. Watu hutumia jina la mtoto. Pale mezani pana picha ya kitoto cha kike kina mapengo, na chini yake pameandikwa Rukia. Nikaandika RUKIA. Ikafunguka!

Shangazi akapiga kigelegele kilichowatoa watu mpaka ofisi ya pili. Wateja wakapiga makofi. Nikahisi nimeshaajiriwa, nimeshapewa meza. Na kwa kuwa kozi ya zamani ilisema ukishaingia uweke alama yako, yaani ubadilishe lile neno la siri uweke lako ili mwalimu ajue kweli umefika, nikaenda pale pa kubadilisha, nikawaambia watu kwa sauti ya mtangazaji, "Sasa natia neno langu, LIKONI, kwetu!" Shangazi kusikia Likoni akanijia kwa upande wa kulia, akanikumbatia bega, akaniangushia kigelegele cha pili sikioni, mimi nawachekea wateja, vidole vinajiendea vyenyewe. Kompyuta ikataka neno lile mara ya pili ili ihakikishe, nikalirudia (kiooni herufi hazionekani, ni vinyota tu), ikakubali, ikazima, ikawaka tena. Nikaandika LIKONI kwa madaha.

Ikakataa.

Nikaandika tena polepole, natazama kila kitufe. Ikakataa. Nikajaribu RUKIA, ikakataa, ikaganda, haitaki hata kusikia. Nikaizima nikaiwasha, ikauliza neno la siri, ikakataa yote mawili, na jasho likaanza kunichirizika ndani ya buibui.

Hapo ndipo mwenye kiti alipoingia, dada karani, kikombe cha chai mkononi. Akanitazama, akaitazama kompyuta yake, akapiga ukelele, "Nani huyu kwenye mashine yangu? Bwana Twalib! Mwizi!"

Jamani, neno mwizi usiombe kuitwa mbele ya mamako. Askari akaja akasimama nyuma yangu. Bwana Twalib akatoka chumba cha nyuma, na nyuma yake Mwalimu Katana (kumbe alikuwa ndani muda wote, ameingilia mlango wa nyuma, na vigelegele vyetu wamedhani ni vya wateja), na kupitia mlango ule nikaiona kompyuta nyingine, imewekwa mezani peke yake, safi, haina kitu, imeandaliwa kwa mtihani.

"Wallahi mwanangu si mwizi!" Mama ameshasimama. "Amekuja kufanya mtihani!"

"Mtihani uko huku ndani, mama," akasema Bwana Twalib. "Hiyo ni mashine ya kazi. Nani amempa ruhusa?"

Ruhusa. Lile jiwe la Ochieng. Mwalimu Katana akaniuliza kwa upole wake, na afadhali angenipiga, "Mwanasha, Jumamosi ile hukuja, sivyo? Hilo ndilo badiliko kubwa la kozi nzima. Humgusi mtu kompyuta yake mpaka akuruhusu, akuonyeshe ipi na mwisho wako wapi. Na ukiingia, hubadilishi kitu. Unatoka, unamwambia mwenyewe ulichokiona."

"Nimebadilisha neno la siri," nikasema.

"Basi litaje tulirudishe."

"Nimelitaja. Halikubali."

Kisha Mama Kadzo akainuka benchini. "Ngojeni kwanza. Karatasi yangu iko wapi?"

Dada karani akasema karatasi ya Mama Kadzo ilikuwa imeshaandikwa, iko ndani ya kompyuta ile, ilibaki kuchapwa tu. Na mzigo wa Mama Kadzo haukuwa vitambaa wala vyuma. Ulikuwa vifaranga vilivyoanguliwa ng'ambo, vimeletwa na ndege, viko kwenye maboksi yenye matundu, vinalialia kwenye bohari ya mabati na jua linapanda. Amejenga banda jipya kwao Kiembeni, ameshaahidiana na hoteli za Bamburi. "Saa hii vifaranga wangu wananisubiri," akasema. "Joto lile litawaua."

Na kuiandika upya haiwezekani, kwani kompyuta ya mtihani haikuwa na fomu za forodha wala printa. Hapo aibu ilinitoka, ikaingia hofu. Aibu yangu mimi naibeba, lakini vifaranga vya watu vimekosa nini?

Nikamgeukia Bwana Twalib. "Baba, naomba ruhusa niiguse tena kompyuta yako. Kibodi tu. Sibadilishi kitu."

"Sikupi!" akasema. "Sasa ndiyo wajua kuomba? Ondoka kwenye kiti hicho!"

Mama Kadzo akajishika kiuno. "Twalib, hao vifaranga ni wako au wangu? Aliyefunga ndiye anayejua kufungua. Mpe."

Bwana Twalib akamtazama yeye, akamtazama mwalimu, mwalimu akatikisa kichwa kukubali. "Haya," akasema. "Kibodi tu. Na mimi nimesimama hapa hapa."

Nikakaa, nikafumba macho. Mikono yangu haikosei, nilijiambia, tangu lini mimi nikakosea neno la herufi chache, tena mara mbili kosa lile lile? Labda mikono haikukosea, labda ilikuwa imekaa pasipo pake. Nikakumbuka bega langu la kulia.

"Shangazi," nikasema, "njoo unikumbatie kama vile mwanzo."

"Abee?"

"Njoo unikumbatie, na ule ukelele wako pia."

Watu wakadhani nimerukwa na akili. Shangazi, Mungu amweke, hakuuliza mara mbili, akaja kwa upande wa kulia, akanisukuma bega, akapiga kigelegele, na nikafumbua macho, nikauona mkono wangu wa kulia ukisogea kushoto, kitufe kimoja. Nikauacha pale pale. Nikapiga LIKONI kwa mkono uliopotoka. Kompyuta ikanguruma kidogo, ikafunguka.

Sitaisahau sauti iliyopigwa mle ndani. Mwalimu Katana hakuamini, akaomba nipige tena vile vile kwenye ukurasa mtupu aone nilikuwa nimeandika nini, nikamwangalia Bwana Twalib kwanza, akaitikia kwa kichwa, nikapiga. Ikatokea KUJIBU. Herufi kwa herufi, maana zote za LIKONI hupigwa kwa mkono wa kulia, na kila moja imeangukia kitufe cha kushoto kwake! Mimi nasema Likoni, mashine imeandika kujibu. Bwana Twalib alijizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka akashika meza. Dada karani akanisukuma nitoke kitini, akarudisha neno la siri la kwake, akaichapa karatasi, na Mama Kadzo akaondoka mbio na leso moja mkononi. Jioni yake alituma salamu ofisini kwamba vifaranga vimefika Kiembeni vizima, vinakunywa maji.

Mimi nikamwendea mwalimu, nusu nina matumaini. Si nimeifungua? Si nimeomba ruhusa?

"Mwanasha," akasema, kama anayetoa pole, "umefeli. Mtihani wenyewe hata hujaufanya."

Ochieng aliyekuja kwa wakati wake, akaomba ruhusa yake, akavunja kompyuta ya chumba cha nyuma kimya kimya, ndiye aliyepata kazi kwa Bwana Twalib, na alistahili. Mimi nikaambiwa nirudi darasani na wanafunzi wapya, tangu somo la kwanza. Kwenye kivuko, katikati ya maji, mama akanigeukia na kuniuliza, "Huyo mwalimu wako, hayo mabadiliko aliyokuwa akisema, ya kuomba kwanza na kungoja uambiwe, hiyo si hodi?"

"Ndiyo, mama. Ni hodi."

"Yaani wameibadilisha kozi nzima ili wawafunze kupiga hodi?" Akacheka, shangazi akacheka, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka.

Nilirudi darasani, nikakaa benchi la mbele na vijana walioniita shangazi, nikaurudia mtihani kwenye ofisi nyingine nikapita, na kazi hiyo imenilea vizuri mpaka leo, alhamdulillahi. Kozi imeshabadilishwa mara nyingi tangu hapo, kila baada ya muda wanaleta mpya, na vijana hulalamika kwamba watafundishwa yale yale. Mimi silalamiki. Nikisikia tu kuna siku ya kuelezwa yaliyobadilika, hata bibi harusi awe ni mwanangu wa kumzaa, atanisamehe, hina atatiwa na wengine.