Shuka Jeupe la Fundi wa Mifuko

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mifuko. Si mifuko ya sokoni. Ni ile mirefu ya kitambaa kigumu inayopangwa ndani ya mtambo wa umeme, moshi wa makaa ya mawe upite na majivu yabaki. Mfuko ukitoboka, majivu yalitoka na moshi yakaja kwetu, maana ukuta wa mtambo ulikuwa jirani yetu wa karibu. Baba aliutia kiraka, akarudi nyumbani mweusi kama chungu, meno tu yakicheka.

Tangu aolewe, Mama hakuwahi kuanika nguo nyeupe nje. Tulianika chumbani, tukalala chini ya mashuka yanayodondosha maji. Mdogo wangu alipoanza kubanwa na kifua, Mama alifunga mabegi.

"Baba Watoto, mimi na watoto tunakwenda kwa dada yangu. Wewe baki na mke mwenzangu, huyo bomba la mtambo anayevuta sigara mchana na usiku."

"Mke mwenzako anaacha sigara," Baba akasema. "Wiki hii tunabadilisha mifuko yote, viraka basi. Jumamosi anika shuka nje. Likichafuka, mabegi nitabeba mwenyewe mpaka kituoni."

"Hata begi la vyombo?"

"Hata la vyombo."

Jumamosi Mama akaanika shuka la harusi yao, akaingia jikoni. Baba alirudi kutoka zamu, na wala hakuoga. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba, akainama, akageuza pindo, akatazama, akaondoka, akarudi tena. Sisi watoto tulimchungulia dirishani tukadhani anasali. Huenda alikuwa anasali kweli.

Mchana Mama akatoka. Pindo lilikuwa na madoa meusi.

"Haya. Beba."

Baba aliinamia begi la vyombo taratibu, kama mtu anayenyanyua jeneza. Mama akalisogelea shuka, akakunja uso.

"Hebu njoo. Weka mkono hapa."

Akauweka. Ukakaa sawasawa juu ya doa.

"Moshi gani huu, bwana, wenye vidole vitano?"

Mama alicheka mpaka akakalia begi la vyombo, tukasikia vikombe vikivunjika. Katikati, ambako mikono ya Baba haikufika, shuka lilikuwa jeupe pe.

Hatukuhama. Kifua cha mdogo wangu hakikupona mara moja, lakini polepole kikohozi cha usiku kiligeuka mkoromo, nasi tukaulalamikia kwa furaha. Baba alipewa sheria moja: kabla ya kuoga, apite uani mikono nyuma kama mahabusu. Aliifuata mpaka alipostaafu.

Mwezi uliopita alipotutoka, Mama alilifua shuka lile la harusi ili amfunikie, akalianika nje. Lilipokauka alilikagua pindo kwa pindo.

"Hakuna hata kidole kimoja," akasema, kama anayelalamika.

Namwomba Mungu ampokee. Na kama huko nako kuna nguo nyeupe, amruhusu azishike.