Hodi ya Mtoni

Nilipokuwa mtoto, nilifundishwa kupiga hodi mtoni kabla sijafundishwa kushika penseli. Sifanyi utani. Kijiji chetu kilikuwa juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, mahali ambapo gari halijawahi kufika na hata leo pikipiki hufika kwa kusukumwa, na kati yetu na dunia nzima ulipita mto mmoja wa mawe. Ukitaka chumvi, unavuka. Ukitaka zahanati, unavuka. Na kabla ya kuvuka, Bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea, alitaka usimame ukingoni, upige hodi mara tatu, halafu unyamaze.

"Ule mto una Mwenyewe," alisema. Jina la huyo Mwenyewe hakulitaja hata siku moja, nasi hatukuthubutu kuuliza. "Nyumba ya mtu huingii kama mbuzi. Piga hodi, usikilize. Mawe yakiwa kimya, umekaribishwa. Ukisikia mawe yanazungumza chini ya maji, ana shughuli zake. Rudi ukakae."

Nilipokuwa naye, Bibi aliitikia mwenyewe kwa niaba ya mto. Tulipiga hodi, tukanyamaza, akainamisha kichwa upande wa sikio lake zima, kisha akasema, "Mawe kimya. Piteni." Ndipo tukapita, yeye mbele na mkungu wa ndizi kichwani, mimi nyuma nimeshika khanga yake.

Sasa naishi Goba, ambako majirani zangu huviita vile vilima vyao milima, nami hunyamaza nisije nikaonekana nina maringo. Milima ninayoijua mimi ilikuwa haionekani asubuhi. Ulisimama mlangoni ukaona migomba mitatu tu, wa nne umemezwa na ukungu. Jua lilipopanda, ukungu nao ulipanda taratibu, na mashamba ya magimbi na njegere yakajitokeza moja baada ya jingine, kisha msitu, kisha mbega wakirukaruka na mikia yao myeupe. Ulipogeuka huku ulisikia maji, ulipogeuka kule ulisikia maji. Wageni wachache waliowahi kufika walipiga picha wakatuambia tunaishi peponi. Walisema hivyo, kisha wakaanza kushuka mapema ili giza lisiwakute njiani.

Walimu nao walishuka. Mlima wetu ulikuwa na sifa ya kula walimu. Mwalimu alipangiwa, akapanda na begi lake huku anahema, akalala kwetu wiki moja au mbili, halafu akaaga kwamba anafuata mshahara mjini. Huo mshahara ulikuwa mbali sana, maana hakuna aliyerudi nao. Darasa la tatu na la nne walikaa chumba kimoja, hawa wanatazama ukuta huu na wale ule. Chaki tulizifuata wenyewe ng'ambo ya mto, tukazibeba ndani ya sweta zisilowe. Na tangu shule ile ijengwe, hakuna mtoto aliyewahi kufaulu kwenda sekondari. Si kwamba tulikuwa wajinga, jamani. Hakuna aliyekaa na sisi muda wa kutosha kugundua kwamba hatukuwa wajinga.

Halafu akaja Mwalimu Kibwana. Alikuwa kijana mrefu, mzaliwa wa Tabata, na alipanda mlima akiwa amevaa viatu vyeupe. Viatu vile tulivionea huruma kabla hata hatujamjua mwenye kuvivaa. Wazee wakasema huyu hamalizi mwezi. Alimaliza mwezi, akamaliza mwaka, viatu vikawa na rangi ya udongo, na yeye bado yupo. Jioni alitukusanya kwenye baraza lake tukafanya hesabu kwa punje za mahindi, na aliyekosea hakupigwa, alirudia. Sijui kama mnaelewa jambo hilo lilikuwa geni kiasi gani.

Siku moja alikuja nyumbani kumwona Bibi. Akapiga hodi mara tatu. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba anamenya magimbi na lile sikio lake bovu halikusikia; alipokuja mbele akamkuta Mwalimu ameshafika njiani anaondoka.

"We Mwalimu! Mbona unatukimbia?"

"Shikamoo Bibi. Sijakimbia. Nimepiga hodi mara tatu sijaitikiwa. Sie kwetu tumefundishwa hivyo, usipoitikiwa unarudi ulikotoka."

Bibi akasema, "Marahaba. Huyu amelelewa." Kuanzia siku hiyo Mwalimu hakununua tena ndizi.

Lakini hodi ya mtoni aliichukia. Mara ya kwanza alipotuona tumejipanga ukingoni tunaubishia mto mlango, alicheka mpaka akakaa chini. "Nyie watoto mnaamkia maji? Maji yana masikio?" Kesho yake aliandika ubaoni neno USHIRIKINA kwa herufi kubwa, tukalinakili kwenye madaftari. Nami niliona haya. Nilimpenda Mwalimu kuliko nilivyomwogopa Mwenyewe wa mto. Nilipofika darasa la saba nilikuwa navuka bila kusema neno, na Bibi akiniuliza jioni kama nimepiga hodi, naitikia ndiyo. Nilimdanganya hivyo kwa miezi, nikiwa nimeketi kwenye jiko lake, nakula chakula chake.

Mwaka huo watahiniwa wa darasa la saba tulikuwa tisa tu, kwa hiyo mtihani tulipangiwa kuufanyia shule ya ng'ambo. Mwalimu alituandaa kama mtu anayeandaa harusi ya mdogo wake. Usiku wa kuamkia mtihani Bibi alinichongea penseli mbili kwa kisu cha jikoni, yeye ambaye hakujua herufi hata moja, akanipa na kusema, "Kesho mtakuwa na haraka. Siku ya haraka ndiyo siku ya kupiga hodi."

Tulifika mtoni jua limeshachomoza. Ilikuwa kiangazi, maji hayafiki hata magotini, mbingu safi juu yetu, ila kule kileleni wingu lilikuwa limekaa kama kawaida yake. Mwalimu alikunja suruali, akatuambia tushikane mikono. Pius, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu la kwanza, alishatia mguu majini.

Mimi miguu ilikataa. Napenda kuwaambia watu kwamba nilikuwa na imani, lakini ukweli ni kwamba zile penseli zilikuwa mkononi mwangu, na nilishindwa kuendelea na ule uongo nikiwa nimezishika.

"Hodi," nikasema. "Hodi. Hodi."

"Felista!" Mwalimu akageuka. "Siku ya leo? Unatuchelewesha!"

Nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Mwanzoni nilisikia maji tu. Kisha, chini ya maji, nikasikia kitu kingine: go, go, go, mbali na chini sana, kama mtu anayesogeza vinu kwenye nyumba ya jirani.

"Mwalimu, mawe yanazungumza."

"Acha upuuzi, binti. Vuka."

Sikuwahi kumjibu mwalimu maishani mwangu. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini nilimuuliza: "Mwalimu, nyie kwenu mkipiga hodi mara tatu msikaribishwe, mnaingia?"

Nadhani hakuamini kitu chochote pale zaidi ya adabu aliyofundishwa na mama yake. Lakini adabu ilitosha kumsimamisha, na aliposimama, akasikia. Nilimwona akisikia. Akaweka kiganja kwenye jiwe la ukingoni, na uso wake ukabadilika.

"Pius, toka humo. Toka! Wote pandeni juu, haraka!"

Tulikuwa hatujafika kwenye migomba wakati mto ulipokuja. Sisemi mafuriko yalikuja, nasema mto ulikuja, wa rangi ya chai ya maziwa, na magogo, na mawe makubwa kama ng'ombe yakigongana ndani yake. Mahali Pius alipokuwa amesimama palitoweka. Juu yetu jua liliendelea kuwaka kana kwamba halikuhusika. Mwalimu Kibwana alituhesabu kwa kutugusa kichwa mmoja mmoja, akarudia, kisha akakaa kwenye matope na ile suruali yake ya siku ya mtihani, akalia waziwazi mbele ya watoto tisa.

Kisha akafuta uso akasema, "Haya. Mtihani."

Kulikuwa na gogo la kuvukia huko juu msituni, ambako korongo ni jembamba, mwendo wa saa nzima kwa mtu mzima. Tulikimbia. Nakumbuka matawi yakinichapa usoni, nakumbuka Mwalimu anatuvusha mmoja mmoja kwenye lile gogo huku ametushika mkono, na nakumbuka kwamba kabla ya mtoto wa kwanza kupita alisimama, akapiga hodi mara tatu kwa sauti, akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Tulipofika, mlango ulishafungwa na wenzetu wanaandika. Msimamizi alikuwa mama mmoja mwenye miwani na sauti ya taratibu. "Mmechelewa, Mwalimu," alisema. "Karatasi zimeshafunguliwa."

Mwalimu hakubishana naye. "Mama, tazama miguu yao," alisema.

Yule mama alitazama. Akasogea pembeni tukaingia, lakini saa hakuweza kuirudisha nyuma, na hesabu zile tulizofanya kwa punje za mahindi tulizifanya kwa nusu ya muda. Matokeo yalipotoka, mimi na Pius tulichaguliwa. Wenzetu saba hawakuchaguliwa, na wapo niliowajua kuwa wana akili kunizidi. Jambo hilo sikuwahi kulipatia jibu zuri, na silitafuti tena. Kuna njia ya watoto ya kwenda shule ambayo haikupaswa kupita mtoni, na ilipita mtoni kwa miaka mingi.

Jioni ile tuliporudi, habari zilishamfikia Bibi. Hakuniuliza maswali yalikuwaje. Alisimama uani akitazama njia, akihesabu vichwa kwa midomo, na alipofika tisa ndipo alipokaa. Nikamwambia yote, hata ule uongo wa miezi. "Nilijua," alisema. "Ungekuwa unapiga hodi ungekuwa unachelewa kurudi." Halafu akanipakulia.

Leo nafundisha jiografia katika shule ya sekondari, hapa hapa mjini. Naweza kuchora ubaoni mvua inavyonyesha kileleni wakati bondeni jua linawaka, na jinsi mawe yanayobingirishwa huko juu yanavyosikika chini kabla maji hayajafika. Wanafunzi wangu hunakili mchoro pamoja na mishale yake. Huwa nawaambia pia kwamba mtu wa kwanza kunifundisha somo hili hakujua kusoma. Alijua kwamba mtoto ukimwambia "sikiliza mto" atasikiliza siku mbili kisha atasahau, lakini ukimwambia mto una Mwenyewe, atakuwa na adabu maisha yake yote. Kama Mwenyewe yupo au hayupo, sijui. Ninachojua ni kwamba mtoto wa Pius yuko chuo, na kwamba mimi nipo nawaandikia.

Bibi alishatangulia mbele ya haki nikiwa kidato cha sita. Mwalimu Kibwana alikaa mlimani mpaka alipostaafu. Mlima haukumla, bali ulimlisha, kama anavyosema mwenyewe. Sasa kuna daraja pale, la zege, na inasemekana ni yeye aliyewasumbua wakubwa mpaka wakachoka kumwona. Nilipata habari kwamba amerudi Tabata, kwenye nyumba ya wazazi wake, na kwamba macho yake yamefifia. Jumamosi moja nikabeba mkungu wa ndizi, nikamtafuta.

Geti lilikuwa limeegeshwa. Ningeweza kulisukuma tu. Nilisimama nje na mkungu wangu.

"Hodi. Hodi. Hodi."

Kimya. Nikahesabu miaka niliyochelewa kuja, roho ikaniuma, na kwa kuwa najua utaratibu, nikageuka niondoke.

"Mawe kimya," sauti ya mzee ikasema kutoka ndani. "Piteni."

Nikageuka tena. Binti yake akatoka mbio kunipokea mkungu, akaona nalia, akafadhaika. "Samahani, dada," aliniambia kwa sauti ya chini. "Baba ndivyo anavyowaitikia wageni wote, hata muuza maziwa. Hakuna anayejua maana yake."

Nikamwambia hakuna tatizo, nikavua viatu, nikaingia.