Jina Ambalo Jirani Hakuliita

Tulipokuwa wadogo kijijini Buganguzi, kila mtoto alikuwa na majina mawili. La ubatizo lilitoka kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia sebuleni: ukizaliwa siku ya mtakatifu fulani, umempata huyo, upende usipende. Ndiyo maana darasa letu lilijaa akina Projestus, Evodius na Leokadia, Kilatini na Kigiriki vikikimbiza mpira wa majani ya migomba. La Kihaya alilitoa babu, na hilo halikukosa sababu.

Langu ni Nshekanabo, yaani nacheka nao. Nililipenda, nilidhani babu aliona mtoto mcheshi. Asubuhi za kukamata senene, wale panzi wa kuliwa, tukirudi na makopo yamejaa, miguu imelowa umande, jirani yetu Ma Domitila alitugawia ndizi za kuchoma. "Projesti, omwana wange, mwanangu, kula!" Hakuwahi kuniita Nshekanabo. Nikadhani ni ucha Mungu, anapenda la ubatizo tu.

Nilipomaliza chuo na ajira ikachelewa, nikaanza kuchimba asili za majina. Rafiki yangu Abdulkarimu wa Miembeni alilimaliza lake kwa pumzi moja: "Kiarabu. Mtumishi wa Mkarimu. Na lako?"

Nikamuuliza babu. Alitafuna kwanza punje zake za kahawa, kama wazee wa kwetu. "Ulizaliwa Domitila na mumewe wakiwa wamesogeza mpaka wa shamba letu. Nacheka nao, lakini najua walichofanya. Nilitaka kila wakikuita, wasikie."

Tangu hapo sina raha. Kumbe utoto wote nilikuwa ujumbe unaotembea? Na zile ndizi, alinipa kwa upendo au kwa kujitetea? Je, mtu anaweza kukupenda na kulikwepa jina lako?

Lingekuwa swali la kupitishia muda, ila binti yangu anabatizwa Jumapili. Leokadia tumeshampa, la Kihaya babu amekataa kulitoa. "Safari hii chagua wewe, msomi." Vijana wenzangu wanachukua majina kwenye tamthilia, hata hawajui ni ya lugha gani. Huwa nawacheka. Lakini angalau hayagombani na mtu.

Jana Ma Domitila alikuja kumwona mtoto, mkongojo mkononi. "Anaitwa nani?"

Nilibabaika, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Tuchagulie wewe, mama waitu."

Alimtazama babu aliyekaa kando. "Mimi?"

"Wewe," babu akasema. "Si ndiwe utakayemwita toka huko ng'ambo ya mpaka?"

Walicheka wote wawili, sijui kicheko cha aina gani. Kisha Ma Domitila akaketi, akampakata mtoto, akamwinamia. "Kemilembe. Wa amani."

Akanyoosha mikono kunirudishia. "Haya, Nshekanabo, mpokee mwanao."

Enzi zile jina lilijua linaongea na nani. Siku hizi linatafuta tu kupendeza. Lipi bora, sijui. Sijui hata kama jana nilisikia msamaha au ugomvi ukianza upya. Ninachojua ni kwamba niliitika haraka, kama mtoto aliyeitwa kula.