Walinzi wa West Bay na Solfa Niliyoikana

Majivuno ndiyo yaliyonipeleka Doha. Nilikuwa nimeimba opera miaka kumi na miwili mbele ya watu wanaotazama saa, nikifundisha sauti watoto wa wenye nacho Nairobi. Sasa hoteli moja ya West Bay ilinitaka niongoze onyesho zima la opera, mara yangu ya kwanza. Likiharibika, hakuna ambaye angenipa tena kuongoza hata sala ya chakula.

Siku ya kwanza meneja, Mlebanoni mpole, alinikaribisha kwa kahawa na habari mbaya: wanakwaya kutoka Ulaya wamekosa viza.

"Lakini wapo Wakenya wanaoimba kanisani," akasema.

Siku ya pili nikapanda basi hadi mtaa wa Al Sadd, huku mji ukichimbuliwa kwa ajili ya metro. Wakenya hao walikuwa walinzi wa maghorofa ya West Bay, na walifanyia mazoezi sebuleni kwa kiongozi wao, Wafula, ambaye alikuwa hajavua yunifomu ya kazi. Nikagawa nota kwa madaha. Wakazitazama kama barua ya kufukuzwa kazi.

"Mwalimu, hizi viluwiluwi tutazisoma aje?" Wafula akauliza. "Tuandikie solfa tu. Do, re, mi. Tutakuimbia."

Nami nilianzia hapo, kwaya ya kanisa, Kakamega. Kisha nikaenda ng'ambo, nikarudi nikiikana solfa kama Petro. Wanafunzi wangu niliwakataza kuitumia. Nikamwambia Wafula opera haiimbwi hivyo.

Siku ya nne asubuhi, kesho yake ikiwa onyesho, meneja alikuja kusikiliza. Alivumilia ukurasa mmoja.

"Madam, kesho niweke mpiga kinanda tu?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikajifungia chumbani mchana kutwa, nikaandika upya sauti zote nne kwa solfa. Jioni Wafula akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Hapa kwa besi umekosea, mwalimu. Hiyo ni fa, si mi."

Kweli nilikuwa nimekosea.

Siku ya tano, mbele ya wageni wa hoteli, waliimba sehemu ya wafungwa katika opera hiyo, walinzi wale, wengine wakitoka zamu moja kwa moja. Walipomaliza, meneja alikuwa amesimama, na mimi nilikuwa nalia bila hata kujificha.

Jumatatu, nikiwa nimerudi Nairobi, nikafuta mistari ya nota ubaoni nikaandika do, re, mi. Mwanafunzi wangu Cynthia akainua mkono.

"Mwalimu, si ulisema hii ni ya washamba?"

"Nilisema," nikamjibu. "Mshamba nilikuwa mimi. Haya, imba."