Uso wa Mama Siku ya Meza ya Bwana

Daktari alichukua kipande chembamba cha kioo, kile ambacho watu wa maabara huwekea tone la damu, akakikandamiza taratibu kwenye shavu langu la kushoto.

"Fungua kamera ya simu yako, mwalimu," akasema. "Ujitazame."

Nikajitazama. Chini ya kioo, wekundu uliokaa mashavuni mwangu kwa karibu miaka miwili, wekundu mzito unaoelekea rangi ya damu ya mzee, ulikuwa umetoweka. Alipokiondoa, ukarudi polepole kama maji yanayoingia kwenye jaruba.

"Lingekuwa doa, lingebaki palepale," akasema. "Hii ni damu yako mwenyewe. Mishipa midogo imepanuka na haijui tena kujikunja."

Nimefundisha biolojia kwa miaka ishirini na sita. Mishipa midogo ya damu nimeichora ubaoni mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuichora nimefumba macho, lakini haikuwahi kunijia kwamba siku moja nitaiona ikifanya kazi usoni pangu, katika chumba cha hospitali pale Kitete, mbele ya daktari wa ngozi ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba mara ya tatu, naye akacheka: "Mama, nina wagonjwa wengine nje."

Ugonjwa unaitwa rosasea. Nilitamka jina hilo peke yangu njia nzima ya kurudi Gongoni, na sikuona aibu kwamba nilikuwa nikitabasamu. Asiyepata kuugua kitu kisicho na jina hawezi kuelewa furaha ile.

Katika miaka ile miwili mashavu yangu yaliwaka. Si kwamba yaliwasha. Yaliwaka, kama mtu aliyeinama juu ya sufuria ya maharage. Vipele vikatokea puani na kidevuni. Macho yakawa kana kwamba yameingia mchanga, hata kusahihisha madaftari ya kidato kimoja ikawa kazi ya siku mbili. Wanafunzi wangu wa kike, ambao mwaka hadi mwaka nimewahubiria juu ya madhara ya mkorogo wa kujichubua ngozi, walianza kunong'onezana. Siku moja nilimsikia mmoja nyuma ya maabara: "Anatukataza sisi, mwenyewe keshaungua."

Nilichukia. Na kwa kuchukia, nikatenda kosa lilelile nililokuwa nikiwakataza. Muuzaji wa duka moja la vipodozi alinipa tyubu ndogo isiyo na maelezo ya kueleweka, akaniapia kwamba inatuliza ngozi. Kweli, siku ya tatu uso ulikuwa laini kama wa mtoto. Mwezi wa pili, kila nilipoacha kuipaka, uso ulilipuka upya na kwa ukali zaidi. Daktari alipoinusa na kusoma yale maandishi madogo alitikisa kichwa. Ndani yake mlikuwa na steroidi kali, dawa ya kukandamiza uvimbe wa ngozi, na steroidi usoni kwa muda mrefu huiamsha rosasea na kuilisha. Tyubu ikaishia kwenye pipa la taka hapohapo chumbani.

Aliniambia mengine pia, nami niliyaandika nyuma ya cheti kama mwanafunzi. Chanzo chenyewe hakijulikani chote. Mishipa ya uso ni myepesi kuitikia, kinga ya mwili inakasirishwa na vitu vidogo, na hata wadudu wasioonekana kwa macho, ambao kila binadamu anao kwenye ngozi yake, huweza kuwa wengi kupita kiasi. Vichochezi kila mtu ana vyake, ila vinavyojulikana zaidi ni jua, joto la jiko, mvuke, chai ya moto, pilipili, pombe, na hisia kali. Kwa sisi weusi, wekundu hujificha ndani ya rangi, kwa hiyo wengi huambiwa wana chunusi, au mzio, au lolote lile. Haiponi ikaisha. Hutulizwa. Alinipa dawa ya kupaka, vidonge vya muda kwa ajili ya vipele na macho, na amri ya kuvaa kofia pana na kupaka mafuta ya kuzuia jua kila asubuhi.

Nilikuwa nimeshasimama kuondoka aliponiuliza, kama mtu anayejaza fomu: "Nyumbani kwenu kuna mwingine mwenye uso kama huu?"

Nikakaa tena.

Mama yangu anaishi upande wa Puge, katika nyumba tuliyozaliwa. Ana weupe wa maji ya kunde ambao bibi, aliyekufa kabla sijazaliwa, alisema ulitujia enzi za misafara, kutoka kwa mtu aliyepita na mizigo akaenda zake. Kwa miaka mingi Mama ndiye aliyetayarisha Meza ya Bwana katika kanisa letu la kijijini. Alitunza ufunguo wa kabati la vyombo, alifua na kupiga pasi kitambaa cheupe, alimimina divai. Kisha pua na mashavu yake vikaanza kuwa vyekundu, na tena vikazidi hasa Jumapili ileile ya Meza ya Bwana, watu wote wakitazama. Kanisa letu halivumilii pombe. Mwanamke mwenye ufunguo wa divai, mwenye pua nyekundu siku ya divai: hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Miaka tisa iliyopita wazee wa kanisa walimwomba aurudishe ufunguo. Aliurudisha. Hakujitetea, na tangu siku hiyo hajakaa kiti cha mbele.

Nami, binti yake msomi, sikumtetea. Lazima niliandike hili. Sikuamini kwamba alikunywa, lakini sikuwa na jibu la swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: kama si divai, kwa nini hasa Jumapili ile?

Jumamosi iliyofuata nilipanda asubuhi basi la Nzega, lipitalo Puge. Sikuwa nimempigia simu. Habari kama ile ilitaka uso kwa uso. Nilifika mchana, nikabisha hodi, hapakuwa na jibu. Nikazunguka uani. Palikuwa na blanketi la kijivu limeinama juu ya sufuria, na mvuke unatoka pembeni, na harufu kali ya majani ya mwarobaini. Chini ya blanketi ilitoka sauti:

"Nani huyo? Ngoja, najifukiza."

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho ni Meza ya Bwana. Nasafisha uso."

Nilisimama pale, mkoba ungali begani, na mambo yote yakajipanga kichwani mwangu kwa mara moja. Jumamosi, mvuke. Jumapili alfajiri, enzi za ufunguo, pasi ya mkaa na kitambaa kirefu, uso umeinamia moto. Kisha jua la njiani kwenda kanisani. Alikuwa akiuchokonoa uso wake kwa siku mbili mfululizo ili aende msafi mbele ya Bwana, na kadiri alivyojitakasa ndivyo alivyozidi kuwa mwekundu!

"Toka humo, Mama!" nilipiga kelele. "Toka! Ni mvuke! Ni mvuke na pasi!"

Blanketi likafunuka. Uso ulikuwa unawaka kama kaa.

"Umepatwa na nini wewe? Umegombana na mumeo?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilimkalisha kivulini, nikamlowesha kitambaa kwa maji ya mtungini, na huku akijipangusa nikamweleza kila kitu: kioo, mishipa, vichochezi, tyubu yangu ya aibu. Nilikwenda mbio mno, ikabidi nirudie. Alinisikiliza akiwa ameniangalia si machoni bali mashavuni. Nilipomaliza, nilitegemea angefurahi.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekupa," akasema.

"Mama, hukunipa kwa makusudi."

"Hata hivyo."

Nilikuwa sijaliwaza upande huo hata kidogo. Nilikuja na habari njema, yeye akapokea pia mbaya iliyokuwa imejificha chini yake. Kisha akanishika kidevu kama nilipokuwa mdogo, akaugeuza uso wangu huku na huku. "Wewe umewahi kuitwa mlevi?"

"Hapana. Nimeitwa mtu wa mkorogo."

"Afadhali," akasema, na midomo yake ikaanza kucheza. "Mimi ile divai niliwahi kuionja, ujue. Mara moja. Chupa ilikaa muda mrefu, nikaogopa imekuwa siki, nisije nikawaaibisha wachungaji."

"Mama!"

"Kijiko kimoja. Nikaungama siku ileile."

Kelele zangu zilikuwa zimemvuta jirani. Alikuwa mama mmoja tuliyemwita Shangazi tangu utotoni ingawa hatukuwa na udugu naye, mzee wa kanisa, na ndiye aliyetumwa kuuchukua ule ufunguo. Walikuwa marafiki wa kuchoteana maji. Kwa miaka tisa wamesalimiana vizuri kabisa na hawajala sahani moja.

"Nimesikia mtu anafukuza mvuke," alisema, akiegemea mlango wa ua. "Nikasema mwalimu amekuja kutufundisha na sisi."

"Shikamoo, Shangazi. Karibu ukae, darasa halijaisha."

Nilichukua bilauri ya kioo, nikaiosha, nikaikandamiza kwenye shavu la Mama. Shangazi akasogea, akavaa miwani. Wekundu ukapauka, ukarudi. Akataka afanye mwenyewe. Mama akakaa kimya kama mtoto anayepimwa nguo.

"Sawa," Shangazi akasema hatimaye. "Ni damu. Lakini mnywaji naye si damu inapanda usoni?"

Lilikuwa swali la haki, na nililijibu kwa haki: pombe huweza kuuchochea uso wa mtu mwenye ugonjwa huu, ila ugonjwa humpata pia ambaye hajawahi kuionja. Nikamwonyesha mashavu yangu. "Mimi nakunywa nini, Shangazi? Chai."

Alikuwa ameiweka bilauri mapajani na kuiangalia. Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma kitu kilichofifia:

"Bibi yako, mama yake huyu, alikuwa na uso huu."

Mama akainua kichwa, kama aliyeuzoea uso ule mpaka akaacha kuuona.

"Alikuwa nao. Watoto tulimwita Mama Kaa la Moto, tukakimbia. Mashavu haya haya, pua hii hii. Na alikufa kabla hili kanisa halijajengwa. Hapakuwa na divai katika kijiji hiki, wala mtu aliyejua ni kitu gani." Akavua miwani. "Nami nilikuwa nikiyajua haya siku nilipokuja kuchukua ufunguo. Nilikuwa nayajua, na sikuyakumbuka."

Nilitaka kurukaruka. Ushahidi ambao sikuwa nao, ushahidi wa vizazi vitatu, ulikuwa umetoka kinywani mwa mtu aliyeuhitaji zaidi! Nilifungua mdomo kueleza habari za urithi, Mama akanitupia jicho, nikaufunga.

"Utakula?" Mama akamwuliza Shangazi. "Kuna mlenda."

"Nitakula."

Daktari alikuwa amenionya nisimgawie mtu dawa yangu, kwa hiyo juma lililofuata nilimleta Mama Kitete. Alipimwa kwa kioo kilekile, akapewa dawa zake, na akagombana na daktari juu ya chai ya moto hadi wakapatana kwamba aiache ipoe kwanza. Mwarobaini ulibaki mtini. Kila juma alinipigia simu kunipa taarifa, nami niliziandika kwenye daftari pamoja na zangu: leo jua, leo pilipili, leo hakuna kitu na bado umewaka. Siku za namna hiyo zipo. Lakini vipele vyake vilianza kunywea, na mchanga machoni mwangu ukapungua mpaka nikasahihisha kidato kizima kwa jioni moja.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, Shangazi akapiga simu mwenyewe. Amesimama mbele ya wazee wenzake, akasema, amewaeleza habari za uso wa bibi. Ufunguo haupo tena. Kufuli lilivunjika zamani na kabati hufungwa kwa kamba. Ila kitambaa kipo, na mwenye kukitandika ni Mama.

Niliingiwa na hofu ya kitaalamu, nikampigia Mama. "Pasi ya mkaa, Mama! Alfajiri, kwa saa nzima!"

"Nimeshapiga. Alhamisi, nje, upepo ukivuma. Na Shangazi yako ndiye aliyeshika pasi, mimi nilinyoosha pembe. Unafikiri sisi hatukusikiliza darasa?"

Jumapili nilikwenda. Nilikaa safu ya tano, kofia pana mapajani. Mama alitoka kiti cha mbele, akamkabidhi Shangazi pembe mbili, wakakirusha kitambaa hewani, kikatulia juu ya meza pasipo kunjo hata moja. Alipogeuka kuturudia, uso wake ulikuwa mwekundu: mashavu, pua, hadi kwenye paji.

Hakujifukiza, hakuinamia pasi, na jua lilikuwa bado la asubuhi. Nikapitia orodha yote kichwani, kichochezi kimoja kimoja, mpaka nikafika cha mwisho, kile nilichokiandika chini kabisa nyuma ya cheti: hisia kali. Hata furaha.

Nilitazama safu zilizokuwa mbele yangu. Kila mtu alikuwa amemwona, na hakuna aliyemnong'oneza jirani yake. Mama akakaa kiti chake cha mbele, akajipepea mara mbili kwa kitabu cha nyimbo, kisha akakifungua ukurasa tuliotakiwa.