Kipande Nilichokizima

Mamdogo alishanionya mara mbili, na mamdogo haonyagi mara tatu. Ya kwanza nilikamatwa Tegeta saa nne asubuhi, sare mwilini, nimesimama sokoni naramba ubuyu kama niko likizo. Ya pili siisemi, kuna walimu wanaweza kusoma hapa. Baada ya hiyo ya pili alikaa kwenye kochi, akavua miwani, akaongea taratibu. Mamdogo akipiga kelele usihofu. Akiongea taratibu, tafuta pa kujificha.

"Ukidoji tena, hata kipindi kimoja, unapanda basi la Masasi. Unarudi kwa baba yako mkaokote korosho. Shule na Dar es Salaam ndo basi."

Mamdogo ni mdogo wake mama, na ndiye anayenisomesha. Kazi yake ni kupima ardhi. Huku kwetu Madale watu walijenga kwanza, kupimiwa baadaye, sasa wamechanga ili kila nyumba ichorwe kwenye ramani na kila mwenye nyumba apate namba ya kiwanja. Kwa hiyo mamdogo anarusha droni, droni inapiga picha kutoka juu, halafu picha zinaingia kwenye laptopu.

Jumanne moja tulikuwa na jaribio la Hesabu. Mie na Hesabu hatusalimiani. Nikapitiliza shule, nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, pale kilima kinapoanza kushukia bondeni. Pana nyumba mbili tu. Moja ni pagale la mtu anayeishi Mwanza, limeishia kwenye zege la ghorofa ya kwanza. Ya pili ni ya anko mmoja mchonga vinyago. Si anko wa damu, ila katoka huko huko kwetu kusini, kwa hiyo ni anko. Nikapanda juu ya zege, nikajilaza, begi chini ya kichwa, naangalia mawingu.

Ndo nikasikia mlio kama wa nyuki mkubwa. Droni. Mtu mwenye akili angejificha. Mie nikasimama nikaichezea singeli, mikono juu, kiuno kinakata. Nilijua mamdogo yuko kilima cha pili siku hiyo. Ukweli ni kwamba alikuwa amemaliza kilima cha pili.

Anko alikuwa uani kwake anachonga. Akanyanyua kichwa.

"We mtundu! Shuka! Ukivunjika mguu, wa mbao nitakuchongea mie, tena wa mninga!"

"Nichongee miwili kabisa, anko, nipate spea!"

Akacheka mpaka patasi ikamdondoka. Na hakunisemea. Alikuwa anapita nyumbani kwetu, anamsalimia mamdogo, ananiuliza tu, "Mheshimiwa, mguu bado mzima?" halafu anaenda zake.

Alhamisi nimetoka shule, mamdogo akaniita. Msaidizi wake kafiwa, kasafiri, na yeye macho yamechoka.

"Njoo unipangie picha. Nyie si ndo mnajua kubofya bofya."

Kwenye ile programu ya ramani picha zinalaliana kama mashuka kitandani. Chini kabisa kuna picha ya setilaiti ya mtandaoni, ya zamani. Juu yake unaweka vipande vya droni, kimoja kimoja, na pembeni kuna orodha: kila kipande kina kiboksi cha kutiki. Ukitiki kinaonekana, ukitoa tiki kinapotea na shuka la chini linatokea. Vipande ni vizito, havitokei mara moja. Vinajichora mraba kwa mraba, kama mtu anavua nguo kwa aibu.

Nikawa nafurahia. Naona mabati ya watu, ndoo, mbuzi, mtu kaanika godoro la kikojozi wake. Nikafika kipande cha mwisho, cha bondeni. Ukajichora mti. Likajichora bati la anko. Likajichora zege la pagale, na katikati ya zege, mtu.

Nikavuta karibu. Shati jeupe, sketi, mikono juu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua bado chini, kivuli changu kilikuwa kirefu kuliko mie na kilikuwa kinacheza vizuri zaidi. Nikacheka kwa sauti. Halafu nikaona begi.

Sura haikuonekana, ilionekana kichwa kwa juu tu, na vichwa kwa juu vinafanana. Ila begi lile mamdogo alinishonea kwa fundi wa maturubai kule Kawe, rangi ya chungwa, makusudi, ili hata akiniona kwa mbali ajue ni mie. Madale nzima hakuna lingine. Na jina la kipande lilianza na tarehe.

Nikaliona basi la Masasi na siti yangu dirishani. Jikoni, mamdogo alikokuwa anakaanga, mafuta yaliacha kulia, nikasikia ndala zake zinakuja. Kidole kikatoa tiki chenyewe.

Kipande kikapotea. Likatokea shuka la chini, pori la kijani la miaka ile. Pagale hakuna, nyumba ya anko hakuna, mie hakuna.

"Zimekaa?"

"Zimekaa."

"Mbona unatoka jasho?"

"Joto la laptopu, mamdogo."

Nilijiambia ni kwa siku mbili tu, akimaliza kuangalia nakirudisha. Nilidhani picha ni pambo. Sikujua kwamba kazi yenyewe ilikuwa bado, na kwamba inafuata picha. Kesho yake jioni akakaa, akaanza kuzungushia kila bati mstari mwekundu, anabofya kona moja moja mpaka mstari unafunga. Ndo hiyo ramani. Asiyezungushiwa mstari hana namba.

Nilikuwa nyuma yake namenya viazi alipofika mwisho wa mtaa. Akasimama kidogo; huko alirusha droni akiwa mbali, kwa mguu hajawahi kufika.

"Huku bado pori, eh?"

"Mmh," nikasema.

Akapaka pale rangi ya kijani, akaandika: eneo la wazi.

Toka siku hiyo sikuwa na usingizi wala utani. Darasani rafiki zangu wakauliza nani kaniroga. Laptopu ilikuwa mezani, mamdogo akienda kuoga nilikuwa na dakika kumi, na kutiki ni sekunde moja. Ila nikitiki atauliza kwa nini kilikuwa kimezimwa, atavuta karibu, ataona begi. Mara tatu nilikaa mbele ya ile laptopu. Mara tatu nikanyanyuka. Na anko akinikuta njiani, "Mheshimiwa, mguu bado mzima?" nacheka, huku naongeza mwendo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata wakaitwa wenye nyumba wote ofisi ya serikali ya mtaa, kila mtu aje ahakiki nyumba yake kabla mamdogo hajasaini. Wakaziba madirisha kwa khanga, projekta ikamulika ukutani. Mamdogo kashika fimbo ya kuonyeshea, mie niko kwenye laptopu nasogeza ramani.

Watu walikuwa na furaha, hawajawahi kujiona kwa juu. Na anko ndo alikuwa mwenyekiti wa vicheko.

"Hicho kidude ni nini, choo?"

"Nyumba yangu hiyo!" akajibu baba mmoja.

"Basi samahani jirani. Ila ukiwa ndani unageukaje?"

Ukumbi ukaanguka. Mie tu sikucheka. Niliombea umeme ukatike. Huku kwetu unakatika hata usipoombwa, ila siku hiyo uliwaka tu.

"Haya, na mie nioneni," anko akasema. "Sogeza, mheshimiwa. Bondeni huko."

Nikasogeza. Ukutani ikaja ile rangi ya kijani.

"Bado. Sogeza tena."

"Ramani imeisha hapo," mamdogo akasema.

Anko akasogea mpaka kivuli chake kikaingia ukutani. Akaweka kidole pale pale nyumba yake ilipo, kwenye pori.

"Sasa mie naishi wapi?"

Alisema kama utani, na watu wakacheka. Halafu akabaki na kidole pale pale, na vicheko vikaisha kimoja kimoja.

Mwenyekiti wa mtaa akakohoa. "Hapo pameandikwa eneo la wazi. Watoto wacheze."

"Mwenyekiti, ulikula pilau kwangu Idi."

"Nilikula. Ila picha ndo hii."

"Kama picha haimuonyeshi, huenda ni mvamizi," mtu akasema kutoka nyuma, na hakuna aliyemkatalia. Majirani zake wakaangalia miguu yao. Kila mtu alikuwa na mstari wake mwekundu, aliuogopea.

Mamdogo alikuwa kakunja uso. "Mie nilirusha mpaka huko. Nakumbuka." Lakini aliangalia ukuta, na ukuta ulisema pori.

Anko jasho likawa linamtiririka. Mtu mkubwa vile, mikono kama magogo, sauti ikawa ndogo. "Siku hiyo mie nilikuwepo, mama. Nilikuwa uani nachonga. Droni imepita juu yangu. Nina shahidi, hata huyu..."

Akanigeukia. Mdomo uko wazi, neno liko tayari. Akaniangalia, akameza mate.

"Hata Mungu anajua," akamalizia.

Sijawahi kuogopa vile. Kidole kilikuwa kizito kama si changu. Nikashuka kwenye orodha mpaka chini, nikatiki.

Ukutani ukaanza kujichora mti. Likaja bati la anko na tairi juu yake. Watu wakashangilia. Zege likafuata, kisha mikono juu, ukubwa wa ukuta mzima.

"Mwanafunzi huyo! Anakata singeli!"

Wakapiga makofi, wakalia kwa kucheka. Mamdogo hakucheka. Aliliangalia begi, kisha orodha, kisha mie. Halafu akanyanyua fimbo kwenye bati la anko, akasema taratibu, "Nyumba hii ipo. Naichora leo."

Nje anko akanifuata.

"Ningekutaja, ujue. Nilibakiza kidogo."

"Ungenitaja tu, anko."

"Hiyo picha ilikuwa wapi muda wote?"

Nikakiangalia kidole changu. Akasubiri, akaelewa, akaondoka. Mguu hakuuliza.

Nyumbani mamdogo akaniambia nimwonyeshe nilivyofanya. Nikatoa tiki, nikarudisha.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Jumatatu ningesaini," akasema. Akafuta kijani, akamzungushia anko mstari wake. Kisha akampigia baba, akaweka sauti kubwa, akanipa simu nijieleze mwenyewe. Nikasema yote. Baba akaomba apewe mamdogo, naye akatoka na simu nje.

Hajaniambia walikubaliana nini. Leo siku ya tisa. Asubuhi navaa sare, nasimama mlangoni kusubiri neno, anasema tu, "Funga geti." Nikirudi nachungulia kwanza uani kama nguo zangu bado ziko kwenye kamba. Jana kamba ilikuwa tupu. Nikazikuta chumbani, zimepigwa pasi, zimekunjwa, ziko juu ya kitanda. Sikuuliza kama zimekunjwa za kuvaa au za kusafiria.